Kutafuta Fedha za Kuwasaidia Watoto Wenye Kiwewe Shuleni Bila Kuwatonesha Vidonda

Katika shule nyingi za msingi za mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hasa zile za mbao na mabati zilizojengwa juu ya mawe ya volkano pembezoni mwa mji, wamo watoto walioona mambo yanayomshinda hata mtu mzima kuyabeba. Wengine walikimbia Rutshuru na Masisi pamoja na familia zao, wakaishi kambini, kisha wakalazimika kuhama tena. Wengine ni wazaliwa wa hapa hapa mjini, wakapitia mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 na baadaye mapigano ya Januari 2025. Walimu wao wamepitia hayo hayo. Ndiyo maana kituo chetu cha ushauri wa kisaikolojia hupokea mara kwa mara madirekta na wajumbe wa kamati za wazazi wanaotaka kujua ni wapi watapata fedha za kuwaandaa walimu kuwafundisha watoto hawa.

Ni vizuri kwanza kuelewa fedha hizo ni za nini. Mtoto mwenye kiwewe huishi kama aliye katika hatari hata hatari inapokuwa imepita: mwili wake hushtuka kwa sauti ndogo, usingizi humpaa, na akili iliyopaswa kushika hesabu hubaki ikilinda mlango. Mmoja atapiga wenzake bila sababu inayoonekana, mwingine atakodoa macho ukutani asubuhi nzima. Mwalimu asiyejua chanzo cha tabia hiyo huiita utundu au ujinga, na akishika fimbo humthibitishia mtoto kwamba hata darasani hakuna usalama. Ufundishaji unaozingatia kiwewe si matibabu, wala haumgeuzi mwalimu kuwa daktari. Ni kuacha viboko, kufuata ratiba ambayo mtoto anaweza kuitabiri, kusema mapema jambo linalotaka kutokea, na kumpa mtoto aliyeshtuka nafasi ya kutulia bila kumwaibisha.

Mambo mengine hayahitaji fedha hata kidogo. Kengele ya shule zetu nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa na kugongwa kwa chuma. Katika shule moja tuliyoisindikiza, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiingia chini ya madawati kila ilipolia, na walimu waliamini kwamba wanacheza. Rimu ikaondolewa, zamu ya kuwaita watoto akapewa mwanafunzi wa darasa la sita, anayepita mlango kwa mlango akipiga makofi. Komite yoyote inayotaka kuomba msaada ingefanya vema kuanza na mabadiliko ya namna hiyo, kwa sababu mfadhili huamini haraka zaidi shule ambayo tayari imeanza kujisaidia.

Fedha zinahitajika kwa yale yanayodumu. Semina ya siku mbili yenye vyeti na picha ya pamoja huisha athari yake kabla ya muhula kwisha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupoteza msaada. Bajeti nzuri hulipia mafunzo mafupi yanayorudiwa kila muhula, nauli ya msimamizi anayekuja kukaa darasani na kuzungumza na mwalimu baada ya somo, na chakula cha mchana siku za mikutano ya walimu. Wengi wao ni wale wanaoitwa N.U., ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na ni vigumu kumdai mtu mwenye njaa awe mtulivu mbele ya darasa lililofurika.

Tusiahidi pia makubwa kuliko uwezo wetu. Shirika la kimataifa la misaada la IRC liliwahi kutekeleza mashariki na kusini mwa Kongo mpango wa aina hii, nao ukapimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York. Baada ya mwaka mmoja watoto waliwaona walimu wao kuwa wenye kuwajali zaidi, na kulikuwa na dalili za maendeleo kidogo katika kusoma, lakini afya yao ya akili kwa jumla haikuonyesha mabadiliko. Barua ya maombi iseme hivyo waziwazi, na iweke fungu la kuwafikisha watoto walioumia zaidi kwa wataalamu, kwa mfano kwenye kituo cha Tulizo Letu hapa Goma.

Kuhusu wazazi, ibara ya 43 ya Katiba inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, na tangu 2019 serikali imeanza kuitekeleza. Mchango wao basi uwe wa hiari kweli, wa fedha, mbao au siku ya kazi, na asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa kuwa mzazi wake hakutoa. Makanisa yanayosimamia shule, vikundi vya likilimba (watu wanaochangiana fedha kwa zamu) na wanafunzi wa zamani walioko nje ya nchi ni milango mingine ya kubisha. Kwa kuwa benki zilifunga mwanzoni mwa 2025, fedha nyingi hupita kwenye simu. Namba ya kupokelea ijulikane na watu watatu wa komite, na kila kiasi kiandikwe kwenye daftari siku ile ile.

Ninachosisitiza kuliko yote ni namna ya kuomba. Mtoto asisimamishwe mbele ya wageni asimulie alivyompoteza baba yake. Asipigwe picha akilia. Historia yake isiandikwe kwenye barua, hata kama jina limefichwa, kwa sababu mtaani watu humtambua. Kumfanya arudie maelezo hayo ni kumtonesha kidonda kile kile tunachoomba fedha za kukitibu, na idhini ya mzazi mwenye shida si idhini huru. Mpigeni picha mwalimu akifundisha. Elezeni ni walimu wangapi walioacha fimbo, utoro umepungua kiasi gani, watoto wangapi wamefikishwa kwa wataalamu. Na ripoti hiyo isomwe kwanza kwa Kiswahili katika mkutano wa wazazi, wapate kuisahihisha, ndipo itumwe kwa waliotoa.