Ati tukiwachukua hawa wenye ulemavu viwango vitaanguka

Juzi tena. Foleni ya admishen imefika mpaka kwa mwembe, mama mmoja amekaa mbele yangu na kijana wake kiziwi, fomu ziko sawa, alama za KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ziko sawa, kozi ni weldingi, na kabla sijasema neno mzazi mwingine aliyekuwa nyuma yake kwa laini akaniambia kwa sauti, mwalimu, hamuoni mkianza kuchukua hawa viwango vitaanguka na watoto wetu wakose kazi? Mbele ya huyo mama. Kijana hakusikia, lakini aliona uso wa mamake ukibadilika na hiyo aliielewa vizuri sana.

Mimi ndio nashughulika na mambo ya ujumuishaji, yaani kila mwanafunzi asome pamoja na wenzake bila kuachwa nje, kwa chuo chetu, chuo kidogo cha ufundi hapa nje ya Kisumu, na hayo maneno nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, kwa watu wa bodi, hata kwa wanafunzi. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo mmoja mmoja, kwa hivyo leo nayaandika.

"Tukiwachukua viwango vitashuka"

Kiwango ni kile kitu mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya akimaliza kozi. Kwa weldingi ni aunganishe vyuma viwili, agonge slagi, lile gamba linalobaki juu ya kiungo, itoke, tuangalie kama kuna vishimo, alafu tukikikunja kile kipande kisipasuke pale kwa kiungo. Hapo hakuna kitu tumebadilisha, na hakuna mwanafunzi mwenye ulemavu amewahi kuniomba nimbadilishie. Tunachobadilisha ni njia ya kumfikisha hapo. Watu wanachanganya hivi vitu viwili kila siku, kiwango na njia, na ukiwauliza waonyeshe ni wapi kiwango kimeshushwa wanakuonyesha mkalimani wa lugha ya ishara.

Sasa mkalimani. Ati ni upendeleo, ati anamsaidia darasani. Mkalimani hafundishi weldingi jameni, wengi wao hata elektrodi, kile kijiti cha kuweldia, hawajawahi kushika, kazi yake ni kumpelekea huyo kijana maneno yale yale ambayo wenzake wote wameyapata kwa masikio bila kulipia chochote. Na hata na mkalimani bado huyo kijana yuko nyuma yao, manake mwenye kusikia anaweza kuangalia mkono wa mwalimu huku anasikiliza na huku anaandika, vitatu kwa wakati mmoja, lakini kiziwi masomo yake yote yanaingilia macho. Akimwangalia mkalimani hajaona mkono. Akiangalia daftari hajaona mkalimani.

Hii niliiona mwenyewe. Kuna kijana kiziwi tuliambiwa ni mzito, mwezi mzima ripoti ni hiyo tu, mzito, haelewi. Nikaenda nikakaa nyuma ya wokshopu somo zima. Mwalimu, na ni mwalimu mzuri kwa kweli, anaweldi huku anaongea, angalieni vile nimeinamisha elektrodi, angalieni mwendo, msikimbie, na mkalimani amesimama pembeni anafuata kila neno, na kijana macho kwa mkalimani. Akipata sentensi yote akageuka kuangalia mkono, moto umeshazimwa. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Kijana alikuwa anapewa maelezo yote na haoni hata sekunde moja ya kitu chenyewe!

Nilimwomba mwalimu kitu kimoja tu: eleza kwanza, nyamaza, alafu onyesha bila kuongea, alafu ndio maswali. Haikuhitaji bajeti wala barua kwa prinsipo. Kijana alishika ile kazi ndani ya wiki chache, na wanafunzi wawili wanaosikia wakaja kuniambia sasa wanaelewa, manake wao walikuwa wanakaa nyuma karibu na grainda, ile mashine ya kusaga chuma yenye kelele, na muda wote walikuwa hawasikii mwalimu vizuri, waliogopa tu kusema. Hiyo ndio naambia kila mwalimu mpya siku ya kwanza, na nitaendelea kuisema: eleza, nyamaza, onyesha. Ukiongea huku mikono inafanya kazi unapoteza watu wengi kuliko unavyodhani.

Kuna wale wa "ataumia kwa mashine manake hasikii". Wokshopu yenye grainda kila mtu anafaa awe amevaa kinga ya masikio, kwa hivyo mashine zikiwaka hakuna anayesikia mtu. Kama usalama wa wanafunzi wako unategemea mtu kupiga kelele "toka hapo" basi wote wako hatarini. Sisi tuliweka taa inayowaka kabla mashine haijawashwa na ishara za mkono ambazo darasa zima linazijua, na mtu akishusha helmeti ya kuweldi hakuna kumgusa wala kumwita, unangoja amalize.

Na muda wa ziada kwa mtihani: maswali ni yale yale na usahihishaji ni ule ule. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, sio Kiingereza cha mikono wala Kiswahili cha mikono, kwa hivyo huyu mwanafunzi anasoma karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya pili au ya tatu kwake. Muda ni wa kusoma swali. Jibu analitoa mwenyewe.

"Si asome tu midomo?"

Nenda kwa kioo sasa hivi useme baba, papa, mama, bila sauti. Umeona? Midomo ni ile ile. Na hayo ni maneno rahisi, tena unayajua, tena hakuna mwalimu mwenye ndevu anayeongea akiangalia ubao.

"Wana vyuo vyao"

Viko na vinafanya kazi nzuri. Kuna Sikri ya viziwi na wasioona kule Homa Bay, Nyang'oma ya viziwi kule Siaya, Karen ya viziwi, Machakos ya wasioona. Mwanafunzi akitaka kwenda huko aende na tutamsaidia kuomba nafasi, wengine kweli wanasoma vizuri zaidi pale ambapo kila mtu anatumia lugha yao. Lakini vinahesabika kwa vidole na kozi zake haziwezi kuwa kila kitu. Katiba ya Kenya kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kwa taasisi zilizojumuishwa na jamii, kulingana na maslahi yake. Yeye. Sio maslahi ya mwenye kusimama nyuma kwa foleni. Na wenye vyuo vya binafsi mnaosema hiyo ni ya serikali, someni kifungu cha 27, kinakataza mtu yeyote kubagua, sio serikali peke yake.

"Rampu tulishajenga"

Rampu ni ule mteremko wa kupandia badala ya ngazi, na kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, kwa hivyo rampu yako inafaa iwe mita 5 na nusu hivi. Nimeona za mita moja na nusu, hiyo mtu wa kiti cha magurudumu akijaribu kupanda anaanguka kinyumenyume. Na ukimaliza kupima nenda uangalie kama choo chenye mlango mpana kimefungwa na kufuli kikawekwa mifagio na ndoo.

"Msichana aliyejifungua ataharibu wengine"

Hapana. Sera ya kuwarudisha masomoni imekuwepo tangu 1994 na miongozo mipya ikatoka 2020, na hicho kifungu cha 27 kinataja ujauzito na ndoa kwa majina. Kile wanachohitaji kwetu ni ratiba isiyobadilishwa usiku wa manane kwa WhatsApp, manake mtu akiwa na mtoto lazima apange nani atabaki naye.

"Kifafa kinaambukiza kupitia lile povu"

Hakiambukizi. Mtu akishikwa mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, angalia saa, mtikisiko ukipita dakika 5 mpelekeni hospitali. Msimtie kijiko mdomoni, nawaomba sana watu wa hosteli.

"Sisi hatubagui, hapa sote ni nyumbani"

Hii inasemwa kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku kwetu, na hiyo lugha yenyewe ndio inaacha wengine nje. Mwalimu anaeleza kwa Kiingereza vizuri kabisa, akifika pale pagumu anageukia Dholuo ili ieleweke, darasa linacheka, linaelewa, linaendelea. Tulikuwa na msichana kutoka Turkana alikuwa anacheka wenzake wakicheka, kumbe wiki tatu zote pale pagumu hakuwahi kupapata. Hakulalamika kwa mtu. Nilijua tu nilipoona daftari lake, ameacha nafasi tupu, mistari minne hapa, mistari sita pale, anangoja kuuliza mtu. Lugha pia imo kwa kifungu cha 27. Dholuo ni nzuri na mimi mwenyewe ni yangu, tumia, lakini rudia kwa Kiswahili kabla hujafuta ubao.

Kwa wazazi wa intek ijayo: kama mtoto ni kiziwi au haoni vizuri au ana kifafa andikeni kwa fomu, msifiche mkidhani atakataliwa, na mkiweza mje wiki mbili kabla ya kuripoti. Somo refu linataka wakalimani wawili wa kubadilishana, mmoja akikaa saa tatu peke yake anachoka na anaanza kuacha maneno, na kupata wawili kwa siku moja hapa Kisumu sio rahisi. Yule kijana wa juzi anaanza Jumatatu, mkalimani wake wa kwanza nimempata, wa pili bado natafuta.