Nusu saa ya video si sawa na kilomita 6 za gari

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu miaka kadhaa: eti kutazama video mtandaoni kwa nusu saa kunatoa hewa ukaa sawa na gari lililotembea kilomita 6. Si kweli, na unaweza kuhakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Soma wati zilizoandikwa nyuma ya vifaa. Tuseme runinga ni wati 100 na ruta (kifaa cha intaneti ya nyumbani) wati 10: kwa nusu saa zimekula uniti 0.055 za umeme. Hata umeme wote ukitoka kwenye makaa ya mawe, yanayotoa takriban kilo 1 ya hewa ukaa kwa uniti, unapata gramu 55. Zidisha mara mbili kufidia mitambo ya mtandao na vituo vya data: 110. Gari linalotumia lita 8 za petroli kwa kilomita 100 hutoa gramu 180 hivi kwa kilomita. Hata kilomita moja hujafika! Ukitazama kwa simu, ni kidogo zaidi.

Kosa lilianzia kwenye hesabu iliyochanganya biti na baiti (vipimo vya data; baiti moja ni biti 8), ikakuza kiasi cha data mara 8. Ilisahihishwa, ila ujumbe ulishasambaa.

Vifaa vya kidijitali navyo vina hewa ukaa yake. Kwa simu, sehemu kubwa hutolewa wakati wa kuitengeneza, hivyo kuitumia mwaka mmoja zaidi kuna faida kuliko kujinyima video. Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Mrudishie aliyekutumia hesabu hii.