Pikapu inagonga chini, na kila mtu ana jibu lake

Ngo! Mara moja tu. Umeachia klachi, gari linaanza kutembea, na chini ya kiti cha nyuma kuna kitu kinagonga kama mtu amepiga chesisi kwa nyundo ya mpira. Kisha kimya. Unakwenda kilomita thelathini husikii kitu. Unasimama kupisha ng'ombe, unaondoka, ngo!

Hilux yangu ya dabo kebini ilinifanyia hivyo karibu miezi minne, tena msimu wa nyanya za Ilula, wakati gari halipumziki hata Jumapili. Katika miezi hiyo nilibadilisha shokapu mbili za nyuma, nikabadilisha bushi za springi (mipira ya kwenye maungio yake), na fundi wa tatu alishaanza kunipigia hesabu ya difu ya mtumba, yaani boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Dawa ilikuja kuwa grisi. Mafundi wote watatu waliniuliza "inagongea wapi?" Hakuna aliyeuliza inagonga lini. Swali hilo la pili ndilo lenye jibu, na dhana nyingi potofu kuhusu milio ya chini ya gari zinatokana na kuliruka.

"Imegongea nyuma, ubovu uko nyuma"

Chesisi ya pikapu ni vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Sauti inasafiri humo bila kizuizi. Propela ni shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, na senta beringi ndiyo inayoishika katikati. Senta beringi hiyo ikichanika mpira wake, unaweza kuapa kwamba kinachogonga ni kiti chako. Pini ya mbele ya springi ya nyuma inasikika mlangoni. Sikio likiwa ndani ya kebini linadanganya.

Wakati haudanganyi. Mlio unaotoka pale nguvu ya injini inapobadilika, yaani ukiondoka, ukiachia mafuta ghafla na kukanyaga tena, au ukitoka gia ya kwanza kwenda rivasi, utafute kwenye njia ya nguvu: mipira ya injini na giaboksi, propela na krosi zake (viungo vinavyoiruhusu ipinde), difu, ekseli, na springi zinazoishika ekseli hiyo. Mlio wa kwenye matuta na mashimo, usiojali uko gia gani wala kama umekanyaga mafuta, utafute kwenye bushi, boli jointi (viungo vya duara vinavyoshika tairi za mbele kwenye mikono yake), linki za stabilaiza na vishikizo vya shokapu. Unaotoka mara moja tu unapokanyaga breki baada ya kurudi nyuma, angalia pedi. Mara nyingi vibanio vyake vilitupwa siku ya kubadilisha pedi, sasa pedi zinatembea ndani ya kalipa. Kipimo chake ni cha bure: pita polepole kwenye rafu rodi huku umegusa breki kidogo. Mlio ukinyamaza, mwizi umemkamata.

Na kama mlio unajirudia, uhesabu. Tairi la pikapu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.3 hadi 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, hiyo ni mara moja na ushee kwa sekunde. Propela, kwa difu yenye uwiano wa karibu 4 kwa 1, inazunguka mara nne ya hapo. Ngo... ngo... ngo unayoweza kuifuatisha kwa mdomo inatoka kwenye tairi, breki au beringi ya tairi. Ile inayokupita mdomo kwa mwendo huohuo ni ya propela.

"Anza na shokapu"

Hii ndiyo iliyonila hela. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ikifa, gari linayumba, linadunda, tairi linaliwa mabakamabaka. Kinachogonga kwa kawaida ni bushi iliyo kwenye jicho la shokapu, au nati iliyolegea, na vyote viwili ni senti ndogo ukilinganisha na shokapu mpya. Ishike shokapu katikati uitikise. Ikicheza kwenye jicho, umeona. Zipo zinazogonga kwa ndani, lakini hizo ukizifungua na kuzisukuma kwa mkono utazisikia zenyewe.

"Inagonga ukiondoka, difu imekwisha"

Hapa nitakaa kidogo.

Fundi aliingia chini, akashika flenji ya difu (sahani inayofungiwa propela), akaizungusha kushoto na kulia. Ikacheza. "Unaona?" Niliona. Nisichokijua ni kwamba hata difu isiyo na ubovu inacheza. Meno ya pinioni na ya krauni, gia mbili kuu za difu, yanaachiwa nafasi makusudi, kwa Hilux kama milimita 0.13 hadi 0.18, ili oili ipite na chuma kipate pa kutanukia kikipata moto. Ongeza nafasi ya gia ndogo za ndani, ongeza ya meno ya ekseli, na ukishika flenji utaona mchezo kwa macho hata kwenye gari lisilo na tatizo. Difu inayokufa kwa kawaida hulia kwanza: sauti ya uuuu inayopanda na mwendo na kubadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta. Oili yake ukiimwaga inatoka na vipande vya chuma. Unga laini wa kijivu unaoganda kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida tu. Gari linalogonga lakini halilii, difu iache iwe ya mwisho.

Sasa, kwa nini linagonga? Pikapu yenye springi za vyuma bapa nyuma haina mikono ya kuishika ekseli. Springi zilezile zinazobeba mzigo ndizo zinazoizuia ekseli isijizungushe. Ukiondoka, tairi zinakwenda mbele na ganda la ekseli linataka kupinduka upande wa pili. Springi zinajikunja kidogo mfano wa herufi S, na pua ya difu inainuka. Pua ikiinuka, umbali kati ya difu na giaboksi unabadilika, hivyo propela lazima iweze kurefuka na kufupika. Ndiyo maana ina sehemu yenye meno inayoteleza ndani ya nyenzake, kama antena ya redio. Meno hayo yakikaukiwa grisi hayatelezi. Yanang'ang'ania mpaka nguvu iyazidi, halafu yanaruka kwa mkupuo mmoja. Ngo! Ukisimama, springi zinajinyoosha, yanaruka tena kurudi yalikotoka.

Siku niliyoingia chini mwenyewe, tairi zikiwa zimewekewa mawe mbele na nyuma, sikuiona nipeli, ile chuchu ya kusukumia grisi. Nilikuta uvimbe wa udongo, mkavu kama saruji. Nikauchokoa kwa msumari, nipeli ikatokea, kichwa chake bado kinang'aa: hakikuwa kimeguswa tangu niinunue gari hiyo. Nilisukuma bomba mara ya kwanza, ya pili, hakuna kitu. Ya nne ikasikika hewa ikikohoa, kisha grisi ya zamani ikatoka pembeni, nyekundu kwa kutu. Nikaishia hapo. Kuendelea kusukuma mpaka ijae kabisa ni kosa jingine, kwa sababu nafasi ya ndani ikijaa propela haiwezi kufupika, na msukumo wote unahamia kwenye senta beringi na beringi za giaboksi. Grisi niliyotumia ni ile nyeusi yenye molibdeni, inayofaa kwa vyuma vinavyosuguana kwa kuteleza. Kesho yake niliondoka sokoni mara ya kwanza bila ngo.

Ukiwa bado chini, zipime krosi. Giaboksi iwe nyutro, shika pande mbili za krosi, zungusha mmoja kulia mwingine kushoto. Mchezo wowote unaousikia mkononi ni ubovu, hapa hakuna "kidogo tu". Ila kutocheza hakuithibitishi kuwa nzima. Krosi iliyokauka inaweza kukaza bila kucheza, ndani sindano za beringi zikiwa zimechimba mistari kwenye chuma. Dalili ya nje ni unga wa rangi ya matofali kuzunguka vikombe vyake. Ukiona unga huo, nunua krosi.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: kabla ya kuitenganisha propela, piga alama pande zote mbili kwa patasi au rangi. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda haitoi mwendo sawa, mara mbili katika kila mzunguko inaharakisha na kupunguza, na krosi ya upande wa pili imepangwa ifute kosa hilo. Ukirudisha meno yamekosea mstari, krosi hazifutani tena. Gari linaondoka gereji bila mlio, linarudi na mtetemo.

"Ikibeba mzigo inanyamaza, basi ni nzima"

Kinyume chake, hiyo ni dalili nzuri ya kufuatilia. Mzigo unashusha boksi, unabadilisha mkao wa springi na wa sheko zake (vyuma vinavyoining'iniza ncha ya springi kwenye chesisi), unabadilisha pembe ya propela, na kila kilicholegea kinakandamizwa mahali pake. Kilicholegea bado kimelegea. Yangu ilinyamaza kila nikiwa na matenga, ikaanza tena nikirudi tupu, na mimi nikajipa moyo kwamba gari "linapenda kazi".

Linalotisha katika kundi hili ni senta bolti ya springi, ile inayoyashika majani yake katikati, iliyokatika. Springi inabaki imebanwa kwenye ekseli na yubolti (bolti za umbo la U) peke yake, na zikilegea ekseli inatembea mbele na nyuma. Simama nyuma ya gari likiwa kwenye njia iliyonyooka: likienda upandeupande kama mbwa anayekimbia, usilipakie hata gunia moja. Yubolti nazo zikifunguliwa ni afadhali mpya, na zikazwe upya baada ya kilomita mia chache, kwa sababu majani ya springi hujipanga yakianza kazi.

"Nimeinua gari, nimetikisa tairi, boli jointi hazichezi"

Umeinua wapi? Hilux za kizazi kilichoingia sokoni kuanzia 2004, zile tunazoziita Vigo, mbele zina springi za duara zinazokalia mkono wa chini. Ukipiga jeki kwenye chesisi, mkono unaning'inia, springi bado inausukuma chini, na boli jointi ya chini inabaki imevutwa. Haitacheza hata kama imekwisha. Jeki ikae chini ya mkono wenyewe, karibu na tairi, ndipo mvuto unaondoka. Tia mtaimbo chini ya tairi uinue taratibu huku mwenzako anaangalia kwenye jointi. Kisha akanyage breki, urudie: mchezo ukipotea ulikuwa wa beringi ya tairi, ukibaki ni wa jointi. Mchezo wa kushoto na kulia ni wa tairodi au raki, yaani vyuma vya usukani.

Hiki ndicho kipimo kimoja ambacho sitanii nacho. Krosi ikikatika mara nyingi unalala njiani. Boli jointi ya chini ikichomoka, tairi linalala nalo, na ukiwa unateremka Kitonga hakuna mjadala.

Bushi zina hadithi yake. Watu wanasema bushi za siku hizi ni feki, hazimalizi miezi mitatu, na feki zipo kweli. Lakini mimi nimeziona bushi nzuri zikiuawa siku ya kufungwa. Gari liko juu ya jeki, springi inaning'inia, fundi anakaza nati mpaka mwisho, anashusha gari. Bushi ya mpira imeshikwa pande zote mbili, haitelezi, inajisokota. Ukiikaza ikiwa inaning'inia, gari likishuka tayari imesokotwa, na kila tuta linaisokota zaidi mpaka ichanike. Nati ziwekwe, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe.

Na ile tabia ya kupuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari zima "ili isilie": chuma kinapona kutu, mpira unalainika na kuvimba. Kinachonyamaza ni mkwaruzo wa majani ya springi. Ngo haisikii oili.

Wenye 4x4 ya kuunga kwa mkono wana mlio wao ambao si ugonjwa hata kidogo. Ukisahau 4H (tairi zote nne zikivuta) na kukata kona kwenye lami kavu, tairi za mbele na za nyuma zinapita njia za urefu tofauti, na katikati hakuna difu ya kuzigawia. Propela zinajisokota kwa nguvu hiyo mpaka tairi moja iteleze au utoe 4H, na zinapojiachia utadhani giaboksi imepasuka. Rudisha 2H (tairi za nyuma tu zikivuta), na kwenye lami kavu 4H usiiguse tena.

Baada ya grisi nilibaki na mlio mmoja mdogo wa kwenye matuta ya Mikumi. Nilikuwa na jibu tayari, stabilaiza linki, na hela nilikuwa nazo mkononi. Safari hii nilijiuliza kwanza inagonga lini: kwenye tuta, mara mbili, tena tangu wiki niliyopata pancha. Nikainama nyuma ya gari, nikalisukuma kwa kiganja tairi la akiba lililoning'inia chini ya boksi. Ngo. Mnyororo wake haukuwa umekazwa. Shokapu zangu za zamani bado ziko stoo, na juzi nilizisukuma kwa mkono kuziangalia. Ni nzima.