Kamera Nayo Ipige Hodi

Wiki tatu baada ya kufunga kamera nane kwenye eneo moja lenye nyumba kumi na nne na geti moja, upande wa Shangani hapa Mtwara, nilipigiwa simu na mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Ile kamera yenu ya kona inanitazama uani." Nikamweleza kwamba ile inalinda njia ya nyuma ya ukuta, ambako wezi hupita. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema mtoto wa jirani amemwona kwenye televisheni ya mwenyekiti wa umoja wao akimwogesha mjukuu, kichwa wazi, kanga kifuani.

Nilikwenda jioni ileile. Mwenyekiti akawasha televisheni ya sebuleni, ile tuliyoiunganisha na mashine ya kurekodia, na robo nzima ya picha ya kona ilikuwa ua wa yule mama: jiko la mkaa, kamba ya nguo, mlango wa bafu la nje. Likizo ya Desemba ilikuwa inakaribia na ua huo ndimo alimokuwa achezwe mwali. Msomaji wa kusini haelezwi zaidi ya hapo. Ya unyagoni hayaonwi na mwanaume, wala na mtoto ambaye hajachezwa. Na mimi nilikuwa nimepachika jicho pale juu, picha zinaingia sebuleni kwa mtu mchana na usiku.

Nimefunga kamera miaka tisa sasa, Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, hadi Lindi. Tangu siku ile, kabla sijatoboa ukuta wa mtu, nauliza swali moja: kamera hii itaingia kwa nani bila kupiga hodi?

Hodi kwetu ni mpaka. Sura ya An-Nur inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa, na ukiambiwa rudi, urudi. Tazama nyumba za zamani za mawe pale Mikindani: baraza iko mbele kwa ajili ya kila mpitaji, ua uko nyuma kwa ajili ya wenyewe. Mgeni anaweza kukaa barazani hadi jioni asijue nani yuko ndani. Wazee waliijenga stara ndani ya kuta zao. Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Kamera iliyofungwa mita nne juu ya ardhi inaruka yote hayo, na aliyeonwa hana hata habari kwamba mtu ameingia.

Wateja wengi hunijibu: "Fundi, mwizi atapita kwa jirani aje kwangu, lazima nione kwake." Hoja hiyo naielewa, lakini hesabu zinaikataa. Ili sura ya mtu usiyemjua itambulike bila shaka, kipimo kinachotumika katika fani yetu ni pikseli 250, yaani vile vinukta vinavyounda picha, kwa kila mita ya upana wa picha. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo inamudu upana wa mita 7.7 hivi. Sasa lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo inakuja na kamera nyingi za madukani, inafungua jicho kwa nyuzi zipatazo 100. Upana wa mita 7.7 unakwisha ukiwa umbali wa mita tatu na kidogo tu. Mtu akisimama mita kumi na tano, ndani ya ua wa jirani, utaona kwamba kuna mtu, na kama unamfahamu utamjua kwa mwendo wake. Sura ya mgeni huwezi kuipeleka polisi ikasaidia kitu.

Maana yake ni kwamba kamera ile ya kona ilikuwa inamvua stara mama anayejulikana na kila mtu pale, na mwizi asiyejulikana ingempoteza. Hasara mbili kwa bei moja. Ukiweka lenzi ya milimita 6 ukaielekeza getini, jicho linabana hadi nyuzi 50 na kitu, na sura inasomeka mpaka karibu mita nane. Hapo umeacha kutazama mtaa mzima, lakini anayepita getini unamjua. Kwa maoni yangu geti, njia ya magari na mlango wako vinatosha kabisa. Ukuta wa nyuma uwekee taa.

Kuna kitu wengi hawakijui: kamera nyingi za siku hizi zina maikrofoni. Picha unaweza kuikwepa kwa kupandisha ukuta, sauti inapita juu ya ukuta. Nchini Marekani, ambako maeneo mengi ya makazi yanaendeshwa na vyama vya wamiliki wa nyumba, kurekodi mazungumzo kuna sheria zake mbali na picha. Sheria ya shirikisho inatosheka na ridhaa ya mmoja wa wanaozungumza, wakati California inadai ridhaa ya wote katika mazungumzo ya siri. Oxford, Uingereza, mwaka 2021, mahakama ilimwona mwenye nyumba amevunja sheria ya taarifa binafsi kwa kamera zake zilizomnasa jirani, na suala la sauti kunaswa kutoka mbali lilipewa uzito mkubwa. Mimi sauti naizima kabla sijashuka ngazi. Anayeitaka aniambie anataka kusikia nini, na cha nani.

Nije kwenye nywila, maana hapa ndipo sisi mafundi tunapaswa kusemwa. Fundi akimaliza kazi, mara nyingi simu ya kwanza kuunganishwa na kamera ni yake, ili ajaribu. Kisha analipwa, anaondoka, na simu yake inabaki mle ndani. Mwenye nyumba anafurahi kuona geti lake akiwa Dar es Salaam, hajui kwamba na mimi naliona nikiwa Ligula. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo nikiamini nawarahisishia wateja, akipata tatizo namsaidia bila kwenda. Nimeacha. Siku ya kukabidhi, mteja anabadilisha nywila mwenyewe mimi nikiwa nimegeuka, na simu yangu inaondolewa mbele yake. Kama fundi wako hakufanya hivyo, fungua programu leo utazame orodha ya waliounganishwa. Ile nywila ya kiwandani isiachwe hata siku moja. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa maelfu duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo sitini tu, na watu waliotumia vifaa hivyo hawakujua lolote.

Turudi kwa wale majirani kumi na wanne. Kule Marekani mtu akinunua nyumba kwenye eneo la chama anakuta kanuni zimeandikwa na zinambana, pamoja na nini kinaruhusiwa kufungwa kwenye ukuta wa nje. Kwetu umoja wa wakazi mara nyingi ni kundi la WhatsApp na mchango wa mwezi. Waliochanga wanaamua, na mpangaji, dada wa kazi na mama wa nyumba ya kona wanajikuta kwenye televisheni. Lakini sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Inatakiwa ikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, isizidi mahitaji ya lengo hilo, itunzwe salama na isikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Umoja unaorekodi watu wa nyumba kumi na nne usijidanganye kwamba ni jambo la sebuleni kwa mtu mmoja.

Kuhusu muda, mashine ina la kusema. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21.6 kwa siku. Nane zinakula karibu 173, na diski ya terabaiti 2 inajaa baada ya siku kumi na moja hivi, halafu za zamani zinafutwa zenyewe. Watu huniomba miezi mitatu. Ya nini? Wizi wa usiku unajulikana asubuhi. Wiki mbili zinatosha.

Na vipande vya video visirushwe kwenye kundi. Niliwahi kuona kipande cha kijana akiokota korosho chini ya mti, juu yake pameandikwa "mwizi wetu huyu". Mwenye mti ndiye aliyemtuma. Kijana yule alikuwa njiani kurudi na ndoo yake, na sote tunajua neno "mwizi" linaweza kumfanyia nini mtu mtaani. Kama kuna tukio, kipande kinatolewa na watu wawili waliokubaliwa, kinaandikwa kwenye daftari, kinapelekwa polisi.

Wale majirani walikaa kikao, yule mama na wapangaji wakiwemo. Televisheni ikakatwa, mashine ikafungiwa kwenye kabati lenye funguo mbili kwa watu wawili. Kamera ya kona nikaigeuza kwanza, ndipo nikaweka kiziba, lile boksi jeusi linalofunika sehemu ya picha. Mpangilio huo nausisitiza: kiziba hukaa mahali pake kwenye picha, kamera ikigeuzwa baadaye au upepo wa kusi ukiilegeza, ua unatokea pembeni. Tena kiwekwe kwenye kamera yenyewe au kwenye mashine. Kinachofunika kioo cha simu tu hakizuii kurekodi.

Kupima tulipima usiku, kwa sababu taa za infraredi za kamera, zenye mwanga usioonekana kwa macho, huonyesha vitu ambavyo mchana havikuonekana. Mwenyekiti na vijana walitoka nje, mkewe akakaa mbele ya skrini. Mimi kabla sijapanda ngazi nilipiga hodi kwa sauti, mara tatu, nikangoja wanawake waingie ndani. Yule mama peke yake akabaki, amejitanda, akitembea kutoka jikoni hadi bafuni na kanga nyeupe mkononi, ameiinua juu. "Inaonekana?" aliuliza. Mke wa mwenyekiti akamjibu kutoka dirishani kwamba ncha bado inaonekana, pale kwenye kamba. Nikashusha kamera nyuzi chache, nikakipanga kiziba upya. Akarudia njia yote tangu mwanzo.

"Haionekani."

"Basi kaza, fundi."