Kukiuka mkataba si kuuvunja

"Upande utakaovunja mkataba huu utalipa fidia." Sentensi hii imezagaa kwenye rasimu za mikataba ya Kiswahili, na wengi wanaoiandika hushikilia kwamba kuvunja ni kukiuka tu, ila kwa ukali zaidi. Sivyo.

Kukiuka ni kwenda kinyume cha sharti. Mpangaji kampangisha mtu mwingine chumba bila ruhusa, fundi kachelewesha kazi wiki mbili: sharti limekiukwa, lakini mkataba upo palepale na kodi inaendelea kudaiwa. Kuvunja kuna maana mbili. Wapo wanaoelewa kukiuka, na wapo wanaoelewa kuumaliza, kama bunge linavyovunjwa. Klabu na kocha wakivunja mkataba kwa makubaliano, hakuna aliyekosa. Sasa irudie ile sentensi: mwenye nyumba anayeumaliza mkataba kwa notisi halali naye alipe fidia? Kwa maneno yalivyo, mpangaji mjanja atasema ndiyo.

Pacha wa dhana hiyo ni kudhani kwamba sharti likikiukwa, mkataba umekufa wenyewe. Kwa kawaida haufi. Ukiukaji unaogusa kiini cha makubaliano humpa aliyekosewa hiari ya kusitisha au kuendelea. Ule mdogo humpa haki ya fidia tu. Anayefungasha na kuondoka kwa ukiukaji mdogo huweza kugeuka yeye ndiye mkiukaji.

Kwa hiyo liondoe kabisa neno kuvunja. Andika kukiuka kwa kosa na kusitisha kwa kumaliza. Taja namba ya kifungu, siku za kurekebisha (tuseme 14 tangu notisi ipokelewe), ndipo useme nani anaweza kusitisha.

Mengine ni madogo. Kukiuka si lazima kuwe kwa makusudi. Anayejua amri na bado akaigomea, huyo anakaidi. Kuhalifu kamusini ni kwenda kinyume cha amri yoyote, lakini mhalifu wa leo ni mtu wa jinai, na kumwita hivyo anayedaiwa kodi ni kujitafutia kesi ya kashfa. Ukiukwaji nalo si kosa la sarufi, limetokana na kukiukwa. Ila usilichanganye na ukiukaji ndani ya waraka mmoja. "Kukiuka dhidi ya sheria"? Futa "dhidi ya". Na mteja hakiukwi, jamani. Zinazokiukwa ni haki zake.