GPS yako inasikia, haisemi

Mwezi uliopita, saa tatu usiku, mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alinipigia simu akilia. Kijana wake alitoka alfajiri na wenzake kupanda milima ya upande wa Kabare. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Nilimuuliza niliyopaswa kuuliza: waliachana wapi, ana maji, ana koti? Hakujibu hata moja. Alikuwa na ombi moja tu: "Papa, mutoto iko na GPS. Uangalie ku satelite, utuambie iko wapi."

Ilinibidi nimwambie mzazi mwenye hofu kwamba hakuna mahali pa kuangalia. Alidhani ninamficha kitu, au ninataka pesa kwanza. Kijana aliingia nyumbani kesho yake saa nne asubuhi, amelowa lakini mzima. Usiku kucha kile chombo kilichokuwa shingoni mwake kilijua alipo, kwa kukosea mita chache. Kilijua peke yake, na hakina namna ya kumwambia mtu mwingine.

Hiyo ni mara ya tatu mwaka huu naombwa "kuangalia ku satelite". Nimefanya kazi ya ramani hapa Bukavu miaka mingi, nimefundisha waongozaji na vijana wa kupanda milima, na nimechoka kusikia jambo hili likisemwa hata na watu waliosoma. Kwa hiyo leo naliandika lote.

Fungua redio yako pale Nyawera, usikilize Radio Maendeleo. Mtangazaji anajua kama umefungua? Anajua uko Nyawera au Bagira? Hajui, kwa sababu redio yako inapokea tu. GPS ya mkononi ni redio ya namna hiyo. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinaizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, na kazi yake ni kutangaza mambo mawili bila kuchoka: mimi niko hapa, na saa yangu sasa inasema hivi. Chombo chako kinasikia tangazo, kinaangalia limechelewa kiasi gani kufika, na kutokana na huko kuchelewa kinapima umbali. Mawimbi hutumia karibu sehemu 7 za 100 za sekunde kutoka kule hadi mkononi mwako. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomiki. Chombo chako kina saa ya bei rahisi, kwa hiyo kinahitaji setilaiti nne badala ya tatu: ile ya nne inasaidia kuisahihisha saa yake.

Hesabu yote inafanyika mkononi mwako. Setilaiti haina orodha ya watu wanaoisikiliza. Watu elfu au watu milioni, kwake ni sawa, kama ilivyo kwa mtangazaji.

Ukilishika hilo, mengine yanajifungua. GPS haihitaji rezo, yaani mtandao wa simu. Haihitaji mega za intaneti. Hata simu yako ina kipokezi hichohicho ndani, nayo itakuonyesha ulipo msituni pasipo na antena hata moja, mradi uliishusha ramani kabla ya kutoka nyumbani. Rezo inaisaidia simu kuzipata setilaiti haraka, basi. Mtu anayezima GPS yake "kwa sababu hapa hakuna rezo" amezima taa kwa sababu kumeingia giza.

Sasa upande wa pili wa kosa hilohilo, ambao huku kwetu una hatari kubwa zaidi. Mama yule anatumaini kwamba GPS inatuma habari. Mtu mwenye silaha barabarani anaogopa kwamba GPS inatuma habari. Nimesimamishwa kwenye barieri zaidi ya mara moja, chombo kikageuzwa huku na huku, na swali likawa moja: "Hii kintu iko natuma habari wapi?" Nimejifunza kutobishana. Nakiwasha mbele yao, nafungua ukurasa wa setilaiti, naonyesha ile milia ya nguvu ya kila setilaiti inayopanda na kushuka, natoa mfano wa redio. Mara nyingi mfano wa redio unaeleweka. Siku moja haukueleweka, nikakaa pale tangu asubuhi hadi jua likaanza kushuka.

Lakini lazima niseme ukweli ambao waalimu wa GPS wanaupita haraka. Mwenye hofu hajakosea kabisa. Chombo hakisemi, ila kinakumbuka. Kurekodi nyayo kukibaki kumewashwa, na katika vyombo vingi ndivyo kinavyotoka dukani, kila ulipopita kimepaandika pamoja na saa yake. Atakayekishika anaweza kusoma wiki yako yote: kijiji ulicholala, shamba ulilokatiza, mahali uliposimama. Kama ulikwenda kwa watu walioomba wasijulikane, umewaandika nao. Mimi nafuta nyayo kabla ya safari na baada ya safari. Je, nifute pia nikiwa katikati ya njia, nikijua mbele kuna barieri? Nikifuta, nimepoteza njia ya kurudia, na chombo kitupu kabisa nacho kinazaa maswali. Nisipofuta, nimebeba barua iliyo wazi. Sijapata jibu linalonitosha. Kwa maeneo fulani siku hizi naiacha nyumbani, natembea na mwenyeji.

Viko vyombo vinavyotuma, na kuvichanganya na GPS ndiko kunakoharibu maelezo yote. Garmin, watengenezaji wa GPS, wana aina ya inReach, ambayo inatumia setilaiti za Iridium kupeleka ujumbe na kuomba msaada. Hizo ni setilaiti nyingine kabisa, kwa malipo ya kila mwezi, na chombo chenyewe ni cha bei kubwa. Kijana wa Kadutu alikuwa na eTrex, GPS ya kawaida ya mkononi, tena ya mkono wa pili. Hiyo haitumi kitu. Ukitaka kununua, usiulize kama "inashika satelite", maana zote zinashika. Uliza kama inatuma ujumbe mahali pasipo na rezo.

Msituni mambo yanabadilika. Tangazo la setilaiti linafika chini likiwa dhaifu mno, na majani yaliyolowa yanalinyonya. Chini ya miti mikubwa ya Kahuzi, au ndani ya mianzi iliyobanana, chombo kitahangaika. Kwenye bonde la Ruzizi, ambako kingo zinafunika anga, kinasikia setilaiti chache, tena nyingine kinazisikia kwa mwangwi, baada ya wimbi kugonga mwamba. Mwangwi umetembea njia ndefu zaidi, kwa hiyo umbali unatoka mbaya. Hapo ndipo ile namba ya "usahihi mita 3" inapodanganya watu. Namba hiyo ni makadirio ya chombo chenyewe, na chombo hakijui kwamba kimesikia mwangwi. Nimeona imeandika mita 4 huku nikiwa nimesimama kwenye jiwe ninalolijua, na alama iko ng'ambo ya mto. Subiri dakika chache, sogea penye anga, pima tena. Na kama umeibeba ikiwa imezimwa kutoka mbali, tuseme Lubumbashi, ambako ni kilomita 1,000 hivi kusini mwetu, iweke kwanza uwanjani na uiache: kalenda kamili ya setilaiti, yaani orodha ya njia zao zote, inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa.

Basi, ikiwa chombo hakisemi, atakayesema ni wewe. Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu watu wanafika kileleni, rezo inapatikana kwa bahati, wanatuma kordone zao, yaani namba za mahali walipo, na kordone zenyewe haziwafikishi waokoaji popote.

Angalia namba hii: S 2°18.450'. Ni kusini ya ikweta (hiyo ndiyo S) digrii 2, dakika 18 na sehemu 450 za elfu za dakika. Hivyo ndivyo vyombo vingi vya mkononi vinavyoandika vikiwa vipya. Mtu anaisoma kwenye simu, rafiki yake upande wa pili anaandika 2°18'45", kwa sababu shuleni alijifunza digrii, dakika na sekunde. Anaona ni kitu kimoja. Sehemu 450 za elfu za dakika ni sekunde 27, si 45. Tofauti ni sekunde 18, na sekunde moja ya latitudo huku kwetu ni karibu mita 31. Umemtuma mtu zaidi ya mita 550 mbali na ulipovunjika mguu. Kwenye uwanja wa mpira mita 550 si neno. Kwenye mianzi, usiku, ni bonde jingine.

Mwingine anaiingiza kwenye simu kama 2.18450, akiamini alama ya digrii ni pambo tu. Hiyo ni digrii kwa desimali, na namba sahihi ingekuwa 2.3075. Sasa amekosea kilomita zaidi ya 13.

Na wa tatu anaisahau S. Ninaomba msomaji wa Kivu asimame hapa. Ikweta iko karibu nasi sana, kwa hiyo latitudo yetu ni namba ndogo, na kaskazini ya ikweta iko Kongo hiihii. Ukiandika 2°18' bila S, au bila alama ya kutoa kwenye simu, ramani haitakuonyesha bahari ili ushtuke. Itakuonyesha msitu. Msitu unaofanana kabisa na wa kwetu, ila uko zaidi ya kilomita 500 kaskazini, si mbali na Mungbere. Nimepokea faili nzima ya alama za kazi, imejazwa na mtu makini, zote zikiwa kule juu. Hakuna aliyeshtuka kwa sababu palikuwa kijani kibichi.

Wanaotumia UTM, ule mpangilio wa kutaja mahali kwa kanda na mita, wasijione salama. Goma, Bukavu na Lubumbashi zote ziko kwenye kanda ya 35. Ramani nyingine zinaandika 35S zikimaanisha kusini. Chombo chako kinaandika 35M, na hiyo M ni herufi ya ukanda wa latitudo, kuanzia ikweta hadi digrii 8 kusini. Katika mpangilio huo wa herufi, S ni ukanda wa kule Ugiriki na Uturuki. Herufi moja, maana mbili, na hakuna anayewaeleza watu.

Datumu, yaani msingi ambao namba za ramani zinapimiwa, nitaisema kwa kifupi. Weka WGS 84, usiibadilishe. Ukitumia ramani ya zamani ya karatasi, soma pembeni imechorwa kwa datumu gani. Nyingi za Kongo ni Arc 1950, na huku kwetu alama inasogea karibu mita 300. Mwinuko wa GPS usiuamini kama unavyoamini mahali, kwa kuwa setilaiti zote ziko juu yako, hakuna iliyo chini ya miguu yako. Mshale nao, kwenye vyombo visivyo na dira ya ndani, una maana ukiwa unatembea tu. Ukisimama unazunguka ovyo. Kwenye lava ya Nyiragongo hata dira ya kweli inaweza kuvutwa na mawe.

Betri: mbili za AA, na mtengenezaji wa eTrex 22x anasema saa 25. Kwenye baridi ya juu usizihesabu, hasa ukiwa umenunua zile za bei ya chini. Beba nyingine mfukoni, karibu na mwili.

Na sasa ninachowafanyisha wote wanaotoka nami. Kabla ya kuondoka, kila mtu anamwandikia mtu mmoja nyumbani ujumbe: tunaanzia hapa, tunapanda kilele hiki, tutarudi kwa njia hii, nisipopiga simu kabla ya saa kumi na mbili jioni anza kuuliza. Njiani, kila panapopatikana rezo, anatuma kordone kwa desimali, na ile alama ya kutoa mbele. Desimali kwa sababu hazina dakika wala sekunde za kuchanganya, na kwa sababu mama akizibandika kwenye simu zinafunguka. Ninawalazimisha waandike, wasisome kwa mdomo. Wenzangu wengine wanapendelea dakika zenye desimali kwa sababu ndivyo chombo kinavyotoka dukani, nao wana hoja: mtu aliyechoka hataki kubadilisha mipangilio. Mimi nabadilisha nyumbani, jana yake, nikiwa sijachoka.

Yule kijana alikuja kwangu na eTrex yake, tukaibadilisha pamoja, nikamwambia aje na mama yake. Alikuja naye. Mama alikaa na simu, mtoto akapanda hadi mwisho wa barabara yetu, akatuma kordone kutoka pale. Zilipofunguka, nukta ikatokea katikati ya msitu, hakuna nyumba hata moja. Mama akaniangalia, akasema: "Papa, huyu ameruka ikweta." Akampigia simu kumwambia aweke ile alama ya kutoa.