"Wapwani hawana neno": upole si ridhaa

"Watu wa Pwani hawana neno. Ni wapole, wakarimu, ukiwaeleza watakubali." Maneno haya nimeyasikia kwa wapima ardhi, kwa maafisa wa mashirika, kwa wahandisi waliotumwa kutoka Nairobi, na hata kwa wakubwa wa kaunti zetu wenyewe. Kazi yangu ni kuendesha vikao vya kushirikisha umma, na juzi mteja mwingine kaniambia nimtengee saa moja na nusu tu kwa mradi utakaopita kwenye mashamba ya watu, "maana wale hawabishi". Imetosha sasa.

Ukarimu upo, sikatai. Ukifika Kwale, Kilifi au Lamu utapewa kiti na maji, utaulizwa habari za safari na za nyumbani, na ukikawia utakula. Hata anayepinga kila ulichokuja nacho atakupa mkono kwanza. Hayo ni malezi: mgeni havunjiwi heshima mbele za watu, tena aliyeletwa na chifu. Kosa ni kuyachukua malezi hayo kuwa kura ya ndiyo.

Tazama mambo yanavyokwenda barazani. Mhandisi anaeleza, nusu ya maneno yake ni Kiingereza, na ramani imebandikwa mahali ambapo waliokaa nyuma hawaioni. Anauliza kama kuna swali. Kimya. Mzee mmoja anasimama, anashukuru kwa kutembelewa, anasema, "Tumekusikia, mwanangu. Na sisi tutakaa tuzungumze." Makofi yanapigwa. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, kila mtu anatia sahihi apate nauli yake. Jioni ripoti inasema wananchi wameridhia, na sahihi zile zile za nauli zimeambatishwa kama ushahidi.

Hakuna aliyeridhia kitu. Mzee amesema waziwazi kwamba mazungumzo bado. Yataendelea baada ya swala ya Magharibi, vibarazani na chini ya mwembe, wageni wakiwa wameshaondoka. Huko ndiko kunakosemwa nani aliwahi kuahidiwa fidia asiione, na nani amekaa shambani tangu enzi za babu yake bila hati. Akina mama ambao hawakufungua kinywa mbele ya chifu, huko ndio wasemaji wakuu.

Asiyeamini aangalie mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe kule Lamu, wa megawati 1,050. Vikao vilifanyika, watu wakahudhuria. Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni yake, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: kuutambulisha mradi si sawa na kuwarudishia watu matokeo ya utafiti wayajadili. Waliofungua kesi hiyo ni hao hao wapole. Mwaka mmoja kabla, wavuvi wa Lamu walikuwa wameishinda serikali Mahakama Kuu kuhusu ujenzi wa bandari, wakaamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi, walishinda mwaka 2020, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, wakaenda hadi Mahakama ya Juu na kushinda tena mwishoni mwa 2024. Watu waliolala hawafanyi hivyo.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa kutoka Kilifi, aliwalisha Wagiriama kiapo cha kuwakatalia Waingereza kodi na vijana wa kufanyishwa kazi. Alipelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa walisimamisha mji mzima kwa mgomo.

Basi anayeandaa kikao afanye haya, na siachi kuyarudia. Muhtasari wa Kiswahili uwafikie watu wiki mbili kabla. Akina mama wawe na kikao chao. Karatasi ya nauli iwe mbali na karatasi ya maoni. Na urudi mara ya pili, kwa sababu jibu la kweli hutolewa mara ya pili.

Yapo na mengine yasemwayo juu yetu. "Hawajali siasa, ndiyo maana hawapigi kura." Kweli, mwaka 2022 waliojitokeza Mombasa hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Lakini uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa kutoka tarehe 9 hadi 29 Agosti kwa makosa ya karatasi za kura. Na kabla ya kura kuna kitambulisho, ambacho vijana wengi wa Pwani wamekisotea kwa kupitishwa kwenye uhakiki ambao wenzao wa sehemu nyingi za nchi hawakuujua. Wamakonde wa Kwale, wenye asili ya Msumbiji, iliwabidi waandamane kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Wapemba walingoja hadi 2023. Mtu anayetembea mamia ya kilomita kudai haki ya kuwa raia, utasemaje hajali siasa?

"Pwani yote ni chama kimoja." Mwaka huo huo wa 2022 Mombasa, Kilifi na Tana River zilichagua magavana wa ODM, Kwale ikamchagua Fatuma Achani wa UDA, Lamu ikamchagua Issa Timamy wa ANC, na Taita Taveta ikamchagua Andrew Mwadime, mgombea huru. Kaunti sita, mikondo minne. Na anayedhani Pwani nzima ni Waswahili Waislamu hajafika Wundanyi kule Taita, wala hajakaa na Wapokomo wa Mto Tana.

"Wavivu." Mgema anakwea minazi asubuhi na jioni, kila siku, hata mvua ikinyesha. Sina la kuongeza.

Nasi tuna letu: "watu wa bara hawana utu." Nalisikia kwa wazee ninaowaheshimu, nalo linanikera vilevile. Mtu wa Murang'a au Kisii akiingia kwenye mada kabla ya salamu kuisha, hakudharau. Kwao kumpotezea mtu muda ndiyo dharau. Nimeona mpima ardhi mwenye nia njema akikataliwa kijiji kizima kwa sababu aliteremka garini akaanza kuita majina. Siku hizi kabla ya kikao nawaketisha wageni wangu nusu saa na wazee bila daftari wala kalamu, na wazee nawaambia mapema: huyu ataongea harakaharaka, naomba mumstahimili, kisha mumuulize mnachotaka papo hapo, akiwa bado yupo.